Ghorofa ya ngapi hewa inakuwa safi?

Kaskazini mwa Manhattan, New York, mahali ambapo barabara kuu ya I-95 inakaribia daraja la George Washington, yapo majengo manne ya makazi, kila moja likiwa na ghorofa 32, ambayo yamejengwa juu ya barabara hiyo hiyo. Magari hupita chini ya sakafu za wapangaji katika njia 12, usiku na mchana, na baina ya jengo na jengo barabara imeachwa wazi, kwa hiyo kelele na moshi hupanda kupitia nafasi hizo kama kupitia dohani. Majengo haya, yaitwayo Bridge Apartments, yalimalizika katika miaka ya mwanzo ya 1960, wakati ambapo kujenga juu ya barabara kulionekana kuwa njia ya busara ya kupata kiwanja katika mji uliokwisha kujaa.

Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu, Sheldon Cohen, David Glass na Jerome Singer, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto waliokulia humo. Shabaha yao ilikuwa kelele, na walitumia ghorofa kama kipimo, kwa sababu kelele ya magari ilipungua kadiri mtu alivyopanda. Miongoni mwa watoto waliokuwa wameishi hapo kwa miaka 4 au zaidi, wale wa ghorofa za chini walipata taabu zaidi kutofautisha maneno yenye sauti zinazokaribiana, na uwezo wao wa kusoma ulikuwa hafifu kuliko wa wenzao wa juu.

Wazo kwamba kupanda juu ni kuikimbia barabara limekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Kwa kelele ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Kwa hewa ni sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu uchafu wa magari haufuati kanuni moja: kila aina ina umbali wake, saa zake na mlango wake wa kuingilia. Swali hili leo si la New York peke yake. Thika Road iliyopanuliwa ilizinduliwa mwaka 2012, na barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022. Kandokando ya zote mbili maghorofa ya kupangisha yameota kama uyoga, na dalali anayekuonyesha nyumba hatasahau kukwambia kwamba huko juu hewa ni safi. Dalali wa Upanga au Kariakoo, Dar es Salaam, husema maneno hayo hayo, na kodi hupangwa kwa kuyafuata.

Tuanze na kinachotoka kwenye gari. Zipo gesi, hasa oksidi za nitrojeni na kaboni monoksidi. Yapo masizi na chembe ndogo mno za ekzosi, nyingi zikiwa na kipenyo cha chini ya mikromita 0.1, kiasi kwamba mia kadhaa zingeweza kupangwa sambamba kwenye upana wa unywele mmoja. Na lipo vumbi la breki, la tairi na la lami yenyewe, ambalo halitegemei injini, na kwa hiyo halitatoweka hata siku magari yote yatakapotumia umeme.

Chembe ndogo mno za ekzosi ndizo zenye maisha mafupi. Zinagongana na kuungana, na moshi unaozibeba unazidi kuchanganyika na hewa nyingine kadiri unavyosafiri. Vipimo vilivyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kando ya barabara kuu ya 405, Los Angeles, vilionyesha kwamba mchana, ukiwa mita 300 kutoka barabarani kwenye upande ambao upepo unaelekea, idadi yake ilikuwa haitofautiani tena na ile ya hewa ya kawaida ya mji. Nitrojeni dioksidi hupungua polepole zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa yake haitoki moja kwa moja kwenye ekzosi: injini hutoa zaidi nitrojeni monoksidi, ambayo ikikutana na ozoni iliyomo hewani hugeuka kuwa nitrojeni dioksidi ndani ya dakika chache, moshi ukiwa tayari safarini. Kisha kuna chembechembe zinazoitwa PM2.5, yaani zote zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Hizi zinaweza kukaa hewani kwa siku kadhaa na kusafiri mamia ya kilomita. Ni mali ya mji mzima: ndani yake umo moshi wa magari, lakini pia umo moshi wa mkaa na kuni, wa taka zinazochomwa, wa viwanda, na chembe zinazozaliwa hewani kutokana na gesi.

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. Watu wengi wamejinunulia vifaa vidogo vya kupimia hewa, na mtu akiweka kimoja ghorofa ya 2 na kingine ghorofa ya 15 ya jengo lile lile, mara nyingi ataona tarakimu zinazokaribiana sana. Atahitimisha kwamba barabara haina athari, au kwamba kupanda hakusaidii chochote. Yote mawili ni makosa. Kifaa chake kinapima PM2.5, na PM2.5 kwa kweli haibadiliki sana kati ya ghorofa na ghorofa, kwa sababu sehemu yake kubwa haikutoka kwenye barabara ile. Isitoshe, vifaa hivi hufanya kazi kwa kumulika chembe na kupima mwanga unaotawanyika, na chembe zilizo chini ya mikromita 0.3 hivi hutawanya mwanga kidogo mno kiasi cha kutoonekana. Moshi mbichi wa dizeli unaopita dirishani umejaa chembe za ukubwa huo ambao kifaa hakiuoni. Kwa upande mwingine, unyevunyevu ukizidi, chembe huvimba kwa kufyonza maji na kifaa kikatoa tarakimu kubwa kuliko hali halisi, jambo ambalo mkazi wa pwani anapaswa kulijua kabla hajaogopa bure. Sisemi vifaa hivi havifai. Vinafaa sana kujua hali ya mji. Kwa kujua barabara iliyo chini ya dirisha lako, vinajibu swali ambalo hukuliuliza. Ukiangalia masizi, chembe ndogo mno au gesi za ekzosi, tofauti ya ghorofa hujitokeza, na kwa kawaida walio chini ndio wanaoumia zaidi.

Kwa kawaida, lakini si kila mahali, kwa kuwa umbo la mtaa linaweza kulivuruga jambo hili lote. Fikiri barabara iliyobanwa na safu mbili ndefu za maghorofa, mfano wa korongo. Upepo unaovuma juu ya mapaa kwa kukata barabara hauingii moja kwa moja na kufagia; unapita juu, na kwa kupita kwake huisokota hewa iliyo ndani ya korongo ikazunguka kama gurudumu. Mabaharia wa Kiswahili wana maneno mawili yanayofaa hapa kuliko mengine yote: joshini ni upande unaopigwa na upepo, na demani ni upande uliojikinga nao. Hewa safi kutoka juu huteremka kwenye ukuta wa joshini, ule unaotazamana na upepo; ikifika chini hutambaa barabarani kuelekea kule upepo ulikotoka, ikikusanya moshi wa magari; kisha hupanda na mzigo wake kwenye ukuta wa demani. Kwa hiyo wakazi wa jengo ambalo upepo unalipiga mgongoni, ambao wangedhani kwamba moshi unasukumwa kwenda kwa jirani wa ng'ambo, ndio wanaoupokea kwa wingi, na wanaupokea ukiwa unapanda ghorofa kwa ghorofa. Korongo likiwa refu sana kwenda juu kuliko upana wake, gurudumu moja linaweza kugawanyika kuwa mawili, moja juu ya jingine, na lile la chini likabaki na moshi wake bila kupata njia ya kutoka.

Ndiyo maana kuuliza ghorofa bila kuuliza upepo ni kuuliza nusu ya swali. Nairobi upepo mwingi hutoka mashariki. Dar es Salaam, kusi na kaskazi hubadilishana katika mwaka, kwa hiyo ukuta uliokuwa wa demani kwa miezi kadhaa hugeuka kuwa wa joshini kwa miezi inayofuata, na mtu anayesema kwamba fleti yake ina moshi msimu mmoja na nafuu msimu mwingine hasemi ndoto. Mitaa myembamba yenyewe si kosa. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kuliko mtaa wowote wa Kariakoo, na vilijengwa hivyo ili kuta zipeane kivuli. Lakini vilijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Tatizo huja tunapojenga wembamba ule ule, tukaupandishia ghorofa 10, kisha tukapitisha ndani yake malori, daladala na bodaboda katika foleni isiyosogea.

Saa nazo zina nguvu kubwa. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi, na hewa iliyoigusa hupoa nayo, ikabaki imelala chini ya hewa yenye joto zaidi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Moshi unaotolewa humo hauna pa kupandia. Hali hiyo huendelea mpaka jua liipashe ardhi joto na hewa ianze kuchemka na kuchanganyika. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, huipata hali hii mara kwa mara, na kwa bahati mbaya huipata saa zile zile ambazo matatu na magari ya kazini yanafurika barabarani. Huko Santa Monica, California, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kabla ya jua kuchomoza moshi wa barabara kuu uliweza kutambulika zaidi ya kilomita moja kutoka barabarani, wakati mchana ungekwisha ndani ya mita mia chache. Wengi wetu tulilelewa na desturi ya kufungua madirisha alfajiri ili nyumba ipate hewa mpya, na kijijini desturi hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kwenye fleti iliyo kando ya Thika Road, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi ndizo saa za kufunga, na kuanzia kama saa 5 hadi alasiri ndizo za kufungua.

Mpaka hapa nimezungumzia hewa iliyo nje ya dirisha. Hewa ya ndani ina safari zake, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Jengo refu ni bomba lililosimama. Ndani ikiwa na joto kuliko nje, hewa huingia kwa nguvu katika ghorofa za chini, hupanda kwa ngazi na kwa shimo la lifti, na hutokea juu. New York wakati wa baridi nguvu hii ni kubwa, na mkazi wa ghorofa ya 25 anaweza kuvuta hewa iliyoingia kwenye mlango wa barabarani ingawa dirisha lake halijafunguliwa tangu juzi. Katika miji yetu tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ndogo, kwa hiyo mvuto huo ni dhaifu zaidi. Na katika majengo ya Dar es Salaam yaliyopozwa kwa viyoyozi kuanzia ukumbini hadi juu unaweza hata kugeuka, hewa nzito ya baridi ikashuka badala ya kupanda.

Lifti hata hivyo haitegemei hali ya hewa. Kila inapokwenda huivuta na kuisukuma hewa kama pistoni, na pale maegesho yanapokuwa chini ya ardhi, lifti ikifungua mlango moja kwa moja kwenye maegesho hayo, huondoka na hewa ya humo kuipeleka juu. Hewa hiyo ni mbaya kwa namna ya pekee. Gari lililowashwa sasa hivi ndilo linalotoa uchafu mwingi, kwa kuwa kifaa cha kusafishia moshi kilichomo kwenye mfumo wa ekzosi hakifanyi kazi mpaka kipate moto, na magari mengi katika nchi zetu yamekwisha kung'olewa kifaa hicho. Ongeza jenereta la dizeli lililowekwa nyuma ya jengo, bomba lake likielekea kwenye madirisha ya jikoni, na utaona kwamba chanzo cha moshi kinaweza kuwa ndani ya uzio.

Kwamba hewa ya fleti moja huweza kuwa hewa ya fleti nyingine lilidhihirika kwa msiba mwaka 2003 huko Hong Kong, wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na kirusi, ambapo watu zaidi ya 300 waliambukizwa katika makazi ya maghorofa ya Amoy Gardens. Wachunguzi walielekeza macho yao kwenye mabomba ya maji machafu, na pia kwenye hewa iliyopanda katika uwazi mwembamba baina ya fleti, ikitoka dirisha moja na kuingia jingine la juu. Moshi hauna haja ya kuwa kirusi ili ufuate njia hiyo.

Barabara za kuinuliwa nazo zinastahili neno. Mahali barabara inapopita juu ya nguzo, chanzo cha moshi kimehamishwa kutoka ardhini hadi usawa wa ghorofa ya pili au ya tatu, na hesabu yote ya kuanzia chini kwenda juu inapaswa kuanzia pale. Anayekaa ghorofa ya nne mbele ya barabara kama hiyo anaishi, kwa upande wa hewa, karibu sawa na mtu wa ghorofa ya kwanza mbele ya barabara ya kawaida. Chini ya daraja foleni ya zamani bado ipo, na sasa ina paa.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa ushahidi hauna utata mkubwa. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango linachokipendekeza cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na cha nitrojeni dioksidi kutoka 40 hadi 10. London, mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa akiishi karibu na barabara yenye magari mengi ya South Circular, alifariki kwa pumu mwezi Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 9. Mwezi Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia. Ni mtoto mmoja, lakini ni uamuzi uliolitaja jambo kwa jina lake.

Kuhusu ghorofa na vifo, utafiti wa Uswisi wa mwaka 2013, uliowahusu watu wapatao milioni 1.5 wanaoishi katika majengo ya ghorofa nne au zaidi, ulikuta kwamba wakazi wa ghorofa ya chini kabisa walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kwa asilimia 22 kile cha wakazi wa ghorofa ya 8 na kuendelea. Tarakimu hii hupenda kunukuliwa na wauzaji wa nyumba. Inapaswa kusomwa kwa uangalifu: ghorofa za juu hukaliwa na wenye fedha zaidi, na wenye fedha huishi muda mrefu kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na dirisha. Watafiti walijitahidi kuziondoa tofauti hizo katika hesabu, lakini hakuna hesabu inayoziondoa zote.

Sasa mkazi afanye nini? Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa kutoka nje wala hakiisafishi. Kinazungusha na kupoza ile ile iliyomo chumbani, na wavu wake hukamata vumbi kubwa tu. Msaada wake ni kwamba kinamwezesha mtu kufunga dirisha saa za foleni bila kuungua kwa joto. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa hata chembe ndogo sana, hupunguza chembe kwa kiasi kinachopimika, pamoja na zile ndogo mno, iwapo ukubwa wake unalingana na chumba, ila haizuii nitrojeni dioksidi wala gesi nyingine. Kwa hizo panahitajika kichujio cha ziada chenye mkaa maalumu, ambacho hujaa na kupaswa kubadilishwa. Na kabla ya kufunga dirisha lolote, mtu aangalie jikoni. Jiko la gesi nalo hutoa nitrojeni dioksidi, na jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Nyumba yenye jiko la mkaa lililowashwa haifungwi madirisha, hata moshi wa barabara uwe mzito namna gani.

Lakini si haki kumwachia mpangaji mzigo huu peke yake, wakati maamuzi makubwa yalikwisha kufanyika kwenye meza ya mchoraji ramani na kwenye ofisi iliyoidhinisha ujenzi. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kwa pamoja kuingiza dizeli safi zaidi, yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, hakuna mpangaji aliyetakiwa kununua kitu. Jengo nalo linaweza kusahihishwa kwa mambo yasiyo ya gharama kubwa: milango miwili inayojifunga yenyewe kati ya maegesho na lifti, feni ya kutoa hewa ya maegesho ambayo inawashwa kweli, bomba la jenereta lililopandishwa hadi juu ya paa. Kwa jengo ambalo bado liko kwenye karatasi, ngazi, vyoo na stoo viwekwe upande wa barabara, na chumba cha mtoto kiwe upande wa pili, hata kama ndio upande usio na mandhari ya kuuzia nyumba.